Ukitaka watu wauone mgodi wa Warumi, zima taa kwanza

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Niko Romania nasomea filamu, na makumbusho moja ndogo huku Transylvania imenipa kazi ya kutengeneza filamu fupi kuhusu migodi ya dhahabu ya Warumi. Wana taa za udongo, tindo zilizoliwa na kutu na kipande cha gurudumu la mbao, basi. Bodi yao inataka wanajeshi, minyororo, mijeledi na mlima unaoporomoka. Bajeti ndogo sana, na mimi sitaki kudanganya watu. Nianzie wapi ili mgeni akitoka pale ahisi kweli aliingia mgodini?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, maana filamu za makumbusho nimezifanya miaka mingi na tena mimi nimekulia Geita, baba mdogo alikuwa na duara lake (shimo la kuchimba) la dhahabu na harufu ya mgodi naijua tangu utoto, kwa hiyo nivumilie nikirefusha maneno.

Kabla sijaenda mbali nikwambie la msingi kabisa. Usitengeneze filamu ya Roma. Tengeneza filamu ya mtu mmoja ndani ya handaki moja, na huyo mtu huna haja ya kumtunga kwa sababu yupo, jina lake tunalo, mshahara wake tunaujua mpaka senti, na alifanya kazi hukohuko Transylvania uliko. Nitamfikia sasa hivi.

Kwanza tumalizane na huo mlima unaoporomoka, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Habari ile ameiandika Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi, yule aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, na kabla ya hapo alikuwa ameshika kazi ya kusimamia fedha za dola kule Hispania. Anaeleza jinsi watu walivyochimba mahandaki ndani ya mlima kwa mwanga wa taa, zamu zinapimwa kwa taa hizohizo, miezi inapita hawaoni jua, udongo unatolewa kwa mabega usiku na mchana mtu anampa mwenzake gizani na ni wale wa mwisho tu kwenye mstari wanaoona mwanga. Halafu wanaanza kukata nguzo zilizoachwa kushikilia mlima, na juu kabisa anakaa mlinzi mmoja anayesikilizia nyufa, akiona dalili anapiga kelele watoke na yeye mwenyewe anakimbia, na mlima unaanguka kwa mshindo na upepo mkali. Baada ya hapo ndiyo wanaachia maji kutoka kwenye mabwawa waliyoyajaza juu, maji yaliyoletwa kwa mifereji kutoka mbali sana, yanasomba udongo wote kwenda kwenye mifereji iliyotandazwa vichaka vya miiba ili dhahabu inase, miiba inakaushwa, inachomwa, majivu yanaoshwa. Mtu wa mwalo wa kwetu (pale tunapooshea dhahabu) anayetandaza magunia na mataulo angeelewa hiyo hatua ya mwisho bila kuelezwa.

Habari tamu sana, najua, na bodi yako imeisikia mahali. Lakini ni ya Hispania, ya sehemu kama Las Médulas, ambako dhahabu ilikuwa imetawanyika kwenye udongo na kokoto, na ndiyo maana maji yaliweza kuifanya kazi ile. Ukienda leo unakuta vilele vyekundu vimesimama kama meno, UNESCO wameiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Kwenu huko Dacia, jimbo la Warumi lililokuwa huko mliko, dhahabu ilikuwa ndani ya mwamba mgumu. Kwa hiyo pale Roşia Montană, ambayo Warumi waliiita Alburnus Maior, walichimba kwa kufuata mishipa ya mwamba, handaki kwa handaki, tindo kwa tindo, na UNESCO ilipoiingiza kwenye orodha mwaka 2021 ilitaja jumla ya kilomita 7 za mahandaki ya aina mbalimbali na magurudumu ya maji ya chini ya ardhi. Ukiweka mlima unaoporomoka kwenye filamu ya Transylvania umeshadanganya dakika ya kwanza, hata kama kila neno la Plinius ni kweli. Waambie bodi hivyohivyo, kwa heshima, na uwaambie pia kwamba ulicho nacho badala yake ni kizuri zaidi.

Ulicho nacho ni Memmius.

Kati ya 1786 na 1855 wachimbaji wa Roşia Montană walikuwa wanakutana na vibao vya mbao vilivyopakwa nta, vimefichwa ndani ya mahandaki ya zamani, vimeandikwa kwa mwandiko wa haraka wa Kilatini. Ni mikataba: ya mikopo, nyumba, watumwa, kazi. Mmoja wapo una tarehe 20 Mei mwaka 164. Memmius mwana wa Asclepius anajikodisha kwa Aurelius Adiutor kufanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu kuanzia siku hiyo mpaka tarehe 13 Novemba kwa dinari 70, sarafu za fedha za Kirumi. Aliyeandika si yeye, ni mtu anaitwa Flavius Secundinus, na kibao chenyewe kinasema kwa nini: Memmius amesema hajui kusoma wala kuandika.

Sasa soma vipengele vyake kama vile unasaini wewe. Akiacha kazi kabla ya wakati bila mwajiri kukubali, analipa sesterti 5, sarafu ndogo zaidi, kwa kila siku. Dinari moja ni sesterti 4, kwa hiyo piga hesabu, dinari 70 ni sesterti 280, siku zake ni kama 177, maana yake anapata sesterti moja na nusu hivi kwa siku. Faini ya siku moja ni mshahara wa siku tatu! Halafu kuna kipengele kingine kinachonigusa kila nikikisoma: maji yakijaa mgodini yakazuia kazi, malipo yanakatwa kwa hesabu ya siku hizo. Yaani hatari ya mafuriko kaibeba yeye. Baba mdogo wangu hakuwahi kumsikia Memmius maisha yake yote lakini ukimsomea huo mkataba angekwambia nani ananufaika na nani anaumia kabla hujafika mwisho.

Hiyo ndiyo filamu yako. Kijana anasimama mbele ya mtu anayeandika, hajui kinachoandikwa, halafu anashuka chini.

Twende kwenye kazi yenyewe. Fungua na giza, na namaanisha giza kweli, sekunde 20 skrini nyeusi kabisa. Bodi watalalamika kwamba mgeni atadhani projekta imeharibika, usikubali, ila mpe mgeni saundi tangu sekunde ya kwanza: tone la maji, halafu pumzi ya mtu aliye karibu, halafu kwa mbali nyundo juu ya tindo. Spika moja iweke nyuma ya benchi, siyo zote mbele. Nyundo ikitokea nyuma ya mgongo wa mtu, anageuka, na akishageuka ujue ameshaingia. Hizo saundi usizipakue kwenye intaneti, nenda karekodi kwenye handaki au pango lolote utakalopewa ruhusa, kwa sababu mwamba unarudisha sauti kwa namna ambayo studio haikupi, ni fupi na nzito, masikio ya watu yanaijua hata wale ambao hawajawahi kushuka.

Baada ya giza, taa moja. Kwenye kuta za mahandaki ya Kirumi kuna vishimo vidogo vilivyochongwa kuwekea taa, kwa hiyo mkono unatoka gizani unaiweka taa kwenye kishimo chake, na hapo ndipo ukuta unaonekana kwa mara ya kwanza. Huu ukuta ndiyo staa wako, mdogo wangu, kuliko muigizaji yeyote utakayempata kwa bajeti hiyo. Mahandaki mengi ya Roşia Montană yamekatwa kwa umbo la trapeza, safi kabisa, na alama za tindo bado zipo, mistari kwa mistari. Ukimulika kutoka mbele hutaona kitu, utapata jiwe la kijivu tu. Weka mwanga pembeni kabisa, uambae na ukuta, na kila alama itatoa kivuli chake, utaweza mpaka kuona mahali mkono ulipochoka ukabadilisha upande. Mimi ningetumia dakika nzima hapo, kamera inatembea polepole sana juu ya ukuta na tindo inasikika, kila pigo na alama yake.

Kama hawatakuruhusu kupiga picha ndani, na mara nyingi hawaruhusu kwa sababu za usalama, omba saa chache tu za kufanya fotogrametria. Unapiga picha za kawaida mamia, kila moja ikipandana na jirani yake zaidi ya nusu, halafu programu inakujengea ukuta mzima kwa vipimo vyake halisi, ukirudi nyumbani unaweka taa popote unapotaka. Kama hilo nalo gumu, jenga seti ya mita 5 tu: fremu ya mbao, plasta, na alama zichongwe kwa tindo ya kweli, siyo kwa kisu cha jikoni. Giza litakusaidia kuficha mengine yote. Kuhusu moto wa kweli, tumia taa moja au mbili zinazoonekana kwenye fremu na mwanga mwingine utoke kwenye LED ndogo yenye rangi ya njano nzito iliyofichwa nyuma ya mwili wa muigizaji, na sehemu iwe na hewa ya kutosha. Usiwashe taa kumi za mafuta kwenye shimo lililofungwa kwa ajili ya uzuri wa picha, moshi na gesi ya makaa vinaua watu kimyakimya, nimeshazika watu kwa sababu hiyo kule kwetu na sitaki kusikia tena.

Halafu maji. Makumbusho yana kipande cha gurudumu na nina hakika kimewekwa kwenye kabati na kila mtu anakipita akidhani ni mbao ya mkokoteni. Kumbe ndicho kitu kilichowawezesha Warumi kwenda chini ya pale ambapo maji yalikuwa yanawafukuza wengine. Gurudumu kubwa la mbao lenye visanduku ukingoni, mtu analikanyaga kwa miguu kama anapanda ngazi isiyoisha, visanduku vinachota chini vinamwaga juu kwenye mfereji, na gurudumu lingine linapokea hapo linapandisha tena. Kule Rio Tinto, Hispania, yalikutwa yamepangwa jozi 8, moja juu ya nyingine, yakipandisha maji karibu mita 30, na sehemu ya gurudumu kutoka kule iko British Museum mpaka leo. Huhitaji kujenga gurudumu zima. Jenga robo yake, piga picha ya nyayo mbili zilizolowa, ngazi ya mbao, maji yanayochuruzika kwenye kisanduku, na sauti ya mbao ikilia. Hapo weka maneno kwenye skrini, mstari mmoja: maji yakijaa, Memmius halipwi. Basi. Mgeni aliyekaa kwenye benchi ataanza kuyaangalia yale maji kwa jicho lingine kabisa.

Sasa minyororo. Hapa nakuomba uwe makini kuliko sehemu zote, kwa sababu unaweza kukosea pande mbili. Ukiweka watumwa wenye minyororo kila mahali utakuwa umemfuta Memmius, na vibao vya kwenu vinaonyesha wazi kwamba kulikuwa na watu huru waliojikodisha, wengi wao walitoka mbali, watu wa Dalmatia walioitwa Pirustae walikuwa na mtaa wao kabisa pale. Lakini ukimweka Memmius peke yake, mgeni atatoka akidhani migodi ya Warumi ilikuwa ajira tu kama ajira. Hapana. Mwanahistoria wa kale Polybius alipoandika kuhusu migodi ya fedha ya Carthago Nova kule Hispania, mwandishi mwenzake Strabo akamnukuu, alitaja watu 40,000 wakifanya kazi pale, na mwanahistoria mwingine, Diodorus, anasema watumwa wa migodi ya Hispania waliona afadhali kufa kuliko kuendelea kuishi. Mahakama za Kirumi nazo zilikuwa zinahukumu watu kwenda migodini kama adhabu.

Na huna haja ya kwenda Hispania kutafuta huo ukatili, upo kwenye vibao vilevile. Tarehe 17 Machi mwaka 139 Maximus mwana wa Bato alinunua msichana anaitwa Passia. Kibao kinasema ana miaka kama 6, na kinaongeza "au kama ana jina lingine lolote". Bei dinari 205. Weka hizo namba mbili karibu, 70 ya nusu mwaka wa Memmius chini ya ardhi na 205 ya mtoto mzima wa miaka 6 kwa maisha yake yote. Mimi nisingemuonyesha Passia kwa muigizaji. Nisingemuonyesha kabisa. Ningeonyesha kalamu ya chuma ikikwaruza nta, karibu sana, mpaka unaona nta inavyojikunja, na sauti ya kawaida isiyo na huzuni ikisoma yale maneno kwa lugha ya wageni, kisha kimya. Bodi wakisema wanataka mjeledi waambie hii inauma zaidi ya mjeledi, na hii ni ya kweli, ilitokea hukohuko Transylvania.

Wanajeshi waondoe. Kaisari Trajan aliiteka Dacia mwaka 106, hilo litoshe kwenye ubao mlangoni, ekstra 12 wenye kofia za plastiki watakula bajeti yako yote na filamu itaonekana ya bei rahisi.

Kuhusu kuongea: waigizaji wasiongee. Ukisikiliza majina ya vibao, Asclepius ni ya Kigiriki, Bato na Dasius ni ya Illyria, Aurelius ni ya Kirumi, hawa watu walikuwa wamechanganyika na lugha zao zilikuwa zimechanganyika, ukiwapa Kilatini cha darasani au Kiingereza cha sinema umewaharibu. Waache wapumue, wakohoe, waite kwa mluzi. Maneno yawe kwenye skrini, Kiromania, Kihungari na Kiingereza, mistari isizidi miwili, herufi kubwa, na hiyo inakusaidia pia kwa wageni wasiosikia. Urefu usizidi dakika 7. Niliwahi kufanya kazi na makumbusho moja iliyong'ang'ania dakika 22 za msimulizi anayeongea bila kupumzika, nikakaa pale siku nzima naangalia, watu walikuwa wanasimama mlangoni wanachungulia wanaondoka, hata wazee waliokuja na hamu zao. Tuliikata mpaka 6 tukamtoa msimulizi, watu wakaanza kukaa.

Na kuhusu kutodanganya, kuna njia rahisi ninayoipenda. Chora alama ndogo ya kibao cha nta, iweke kwenye kona ya skrini kila pale kinachoonyeshwa kinatoka kwenye maandishi au kwenye kitu kilichochimbuliwa, na pale unapokisia wewe (sura ya Memmius, nguo zake, anavyoshuka) alama isiwepo. Eleza mlangoni kwa sentensi moja. Watoto wataanza kuitafuta hiyo alama, na wakubwa watakuamini zaidi. Halafu uombe kabati la zile taa na tindo liwe palepale ubavuni mwa skrini, likae gizani wakati filamu inaendelea, na taa yake iwake yenyewe filamu ikiisha, taima ya bei ndogo inatosha. Mtu ametoka kumuona Memmius akiweka taa kwenye kishimo, giza linaondoka kidogo, na taa yenyewe iko mkono wake wa kulia, ina masizi.

Sasa mwisho wa filamu. Kibao cha mwisho ninachotaka ukitumie ni cha tarehe 9 Februari 167, na hapa watu wa kwetu hawahitaji kufafanuliwa kwa sababu ni chama cha kuzikana. Kilikuwa cha mungu Jupiter Cernenus, kiongozi wa chama Artemidorus, na tangazo linasema kwamba kati ya wanachama 54 pale Alburnus wamebaki 17 tu, wenzao wengine hata vikaoni hawaji, pesa ya mazishi haipo tena, kwa hiyo mtu asidhani kwamba akifa chama kitamzika au kumpa chochote. Mwaka huohuo wa 167 ndio wa mwisho kwenye tarehe za vibao vyote. Nimekaa kwenye vikao vya kuzikana tangu nikiwa na miaka 15 na nikifikiria watu wanasimama kusikia tangazo kama hilo mwili unasisimka.

Ifanye hivi: mwamba mmoja, vishimo 54, taa 54 zinawaka zote, LED ndogo za kuchezesha kama moto zitafaa kwa umbali ule. Zianze kuzima moja moja bila muziki. Zinazozima ni 37, ukizipa sekunde moja moja na nusu unapata kama dakika moja hivi, watu watavumilia, na watoto watakuwa wanahesabu kwa sauti. Zikibaki 17 simamisha, weka tarehe na ile sentensi ya Artemidorus, subiri. Halafu zima zote kwa mara moja na uache lile tone la maji la mwanzoni lisikike, maana filamu ya makumbusho inajirudia siku nzima na aliyeingia kwa kuchelewa atakuwa amekaa gizani anasubiri Memmius aweke taa yake.

Ukishakata toleo la kwanza nitumie, likiwa na saundi tu, bila muziki wowote.